Maji Yaliyobaki Mtungini

Wote, 8 Juni 2025

Anti Kalondu,

Salamu nyingi kwako na kwa punda wako, maana najua ukiona nimemsahau utaikunja barua hapo hapo. Mimi sijambo. Hapa mjini Wote asubuhi kuna baridi na mchana jua linawaka kama halikuwa linajificha. Nimeanza kazi katika maabara ya maji. Naingia kabla ya wengine na kutoka baada yao. Nimekodi chumba nyuma ya kanisa, na Jumapili nasikia kwaya kupitia ukutani. Wakati mwingine nabaki kitandani nikiimba nao kimoyomoyo, siendi.

Naandika kwa sababu Musyimi alinipigia simu. Alisema amekupeleka kliniki tena kwa ajili ya tumbo, kwamba alikukuta umelala chini karibu na kuni, na kwamba ulimkataza kuniambia. Usimgombeze, yeye ni jirani tu na aliogopa. Najua simu huisikii tangu masikio yako yalipoziba, ndiyo maana nimenunua karatasi. Barua hii nimempa Nadifa, mwenye duka la nguo pale Emali. Kaka yake, Mursal, ndiye yule mfanyabiashara wa mbuzi anayepita hapo Nuu na lori. Amekubali kutubebea.

Ndani ya mfuko kuna chupa mbili ndogo, kila moja ina karatasi ya kahawia. Usizioshe, usitie kidole. Ya kwanza ujaze maji ya kisima cha mchangani, pale pale mtoni kabla hayajaingia kwenye jerikeni. Ya pili ujaze maji ya mtungi wa nyumbani. Uzifunge, uziweke mahali penye joto, karibu na meko, siku kadhaa. Maji yakigeuka meusi, yana uchafu unaoumiza tumbo. Kisha uniandikie ulichoona, si kile unachotaka nifikirie.

Mwanao,
Nthenya


Nuu, 29 Juni 2025

Nthenya mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka mbuzi, lakini imefika. Punda amesikia salamu zake na hakujibu, ndivyo alivyo. Nilifurahi kuona mwandiko wako. Umeharibika kidogo. Mimi niliyewafundisha wazee wa ngumbaru kushika kalamu nina haki ya kusema hivyo. Ile simu uliyoninunulia nimemwekea kuku alalie, pengine ataangua kitu. Herufi zake ni kama mayai ya chawa.

Habari za hapa: mahindi yalikauka yakiwa na urefu wa goti, mbaazi zimejitahidi. Kanisani tumepata mchungaji mpya, kijana, anahubiri amefumba macho, na mimi nisiyesikia nashindwa hata kujua amefika wapi. Ule mwarobaini mumeo Mutie alioupanda siku ya mazishi ya mama yako umeshika na una kivuli cha kuku watatu. Mutie hajambo? Mbona hukumtaja?

Tumbo ni tumbo. Musyimi anapenda kukuza mambo, hata mbuzi wake akipiga chafya huita watu.

Chupa nilizijaza kama ulivyosema, nikazipanga nyuma ya meko. Ya mtoni ilibaki na rangi yake. Ya mtungi ilikuwa nyeusi kesho yake nilipoamka, nyeusi kabisa, kama sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, inapoungua. Nikafikiri nimezichanganya. Nikaziangalia tena, sikuzichanganya. Ni maji yale yale, nimeyabeba mimi mwenyewe. Nielezee.

Ni mimi anti yako,
Kalondu


Wote, 13 Julai 2025

Anti,

Asante kwa kuniandikia ukweli. Nimefurahi kuhusu mbaazi. Hapa hakuna jipya. Jana nilipika chapati nyingi kuliko ninazoweza kula, nikala mbili, zingine nikampa mlinzi.

Nilipoisoma barua yako nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu naujua ule mtungi. Naujua ulivyokaa pembeni mwa jikoni, kitako kimezama mchangani, na unyevu wa nje ulivyokuwa ukinilowesha shavu nilipouegemea nikiwa mdogo. Sitaki ufikiri kwamba nimesoma ili nije kuutukana.

Udongo wa mtungi una vitundu visivyoonekana. Maji hupenya polepole mpaka nje, upepo unayakausha, na yakikauka yanaondoka na joto. Hiyo ndiyo siri ya ubaridi wake. Ndani, tope linatulia, na vijidudu vingi vinashuka nalo. Kwa hivyo mtungi uliooshwa, wenye kifuniko, unaweza kukupa maji mazuri kuliko yale uliyoyatia. Hilo nimelipima mwenyewe hapa kazini.

Lakini vile vilivyoshuka haviendi popote. Vinakaa pale chini kwenye utelezi, vinakula, vinaongezeka. Ukimimina maji mapya juu ya yaliyobaki, unaviamsha. Kisima chako ni safi kwa sababu mchanga wa mto unachuja. Uchafu unaanzia nyumbani.

Uuoshe. Umwage yote, usugue ndani kwa mchanga safi, uache ukauke kabisa kabla ya kutia mengine. Ufanye hivyo mara kwa mara. Na kikombe kiwe na mpini mrefu, vidole visiguse maji. Nimeweka pia dawa ya maji, kifuniko kimoja kwa jerikeni moja.

Niambie kitu kimoja: mara ya mwisho uliuosha lini?

Nthenya


Nuu, 10 Agosti 2025

Nthenya mwanangu,

Usione nimekaa kimya. Mursal alikwenda kwao kumwoza binti wa kaka yake, na lori likakaa Garissa. Amerudi amenenepa. Amenipa tende, nimezila na chai nikakukumbuka.

Tuko salama. Upepo wa mwezi huu unapuliza vumbi mpaka kwenye ugali. Mtoni maji yameshuka, sasa tunafukua mchanga mpaka mtu anaingia kiunoni, na foleni inaanza kabla ya jua. Punda ameumia kwato, anachechemea, kwa hivyo nabeba kidogo kidogo. Utaona basi kwamba si wakati wa mtu kumwaga maji yaliyo mtungini.

Dawa nimeitumia. Asubuhi maji yananuka kama hospitali, lakini jioni harufu imeisha kabisa, kama sikutia kitu. Dawa yako labda imezeeka. Kikombe nimekifunga kijiti, sasa nachota kama mtu anayevua samaki.

Kina mama wa kanisa walikuja Alhamisi. Walikunywa, wakasifu. Wanasema hakuna maji baridi kama ya hapa kwangu kuanzia kwetu mpaka Mwingi. Kuhusu kuumwaga, tutaona mvua ikija.

Mutie umemficha wapi? Mwambie ninamsalimu.

Anti yako,
Kalondu

Nilipunguza uzito kidogo tu. Musyimi akikupigia ujue ni kidogo.


Wote, 17 Agosti 2025

Anti,

Musyimi alinipigia. Si kidogo. Amesema mshipi wako umeongezewa tundu jipya, na kwamba kina mama wawili kati ya wale waliokunywa Alhamisi tumbo linawaendesha.

Dawa haijazeeka. Udongo wenyewe unaila, na ule utelezi wa chini unaila zaidi. Ukitia asubuhi kwenye mtungi mchafu, jioni imekwisha, na vijidudu viko pale pale vinakungoja. Katika plastiki ingekaa mpaka kesho yake, hata zaidi. Haiwezi kushinda uchafu wa zamani hivyo.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kuhusu upepo, punda na tende. Sijui unanificha nini. Sitauliza tena. Nakuomba tu uumwage. Usingoje mvua. Umwage, usugue, kisha uchemshe sufuria nzima ya maji, uyamimine ndani yangali yanatokota, uyazungushe yafike kila mahali. Sisi huku ndivyo tunavyosafisha vyombo. Fanya siku utakayoipata barua hii.

Sina mtu mwingine, Anti. Sitaki kurudi Nuu kwa sababu ya turubai na viti vya kukodi.

Nthenya


Nuu, 7 Septemba 2025

Nthenya mwanangu,

Hatujambo sote. Nimefanya ulivyosema. Niliumwaga na kuusugua, nikatia maji ya moto. Sasa kila kitu ni safi.

Mursal amebeba chupa ya maji ninayokunywa siku hizi, niliyatia dawa asubuhi ya jana, jioni nikayajaza chupani na kuifunga. Uipime upate usingizi. Tumbo limeanza kutulia. Kina mama pia wamepona.

Jua ni kali. Punda amepona kwato.

Kalondu


Wote, 14 Septemba 2025

Anti yangu,

Nadifa alinipigia chupa ilipofika, nikapanda gari mpaka Emali siku hiyo hiyo. Nilikunywa chai dukani kwake. Alinitazama akasema, "Wewe unangoja barua kama mtu anayengoja mume." Nikacheka. Nilipotoka nje sikuwa nacheka.

Maji yako ni salama. Niliyaacha kwenye kipimo, na hakuna kilichoota. Ningependa barua iishie hapo.

Lakini nilipima pia dawa, na dawa bado ilikuwa imo. Ulisema uliitia asubuhi ukafunga chupa jioni. Wewe mwenyewe uliniandikia mwezi wa nane kwamba katika mtungi jioni hakuna harufu. Mtungi hata ukiwa umeoshwa jana, udongo wake ungeipunguza sana. Haya hayakugusa udongo. Haya yametoka kwenye jerikeni.

Na barua yako ni fupi. Hujanitania. Kwa mara ya kwanza hujaniuliza kuhusu Mutie.

Anti, mtungi uko wapi?

Nikitaka uniambie ukweli ni haki nami nikuambie wangu. Mutie aliondoka Februari. Hatukugombana. Alisema kuishi nami ni kama kuishi na mtu aliyeko chumba cha pili, kwamba tangu mama afe nimekuwa naye mezani lakini sipo. Sikumbishia kwa sababu alikuwa sahihi. Nikaomba uhamisho nikaja hapa ambako hakuna anayenijua vya kutosha kugundua kwamba sipo. Tangu barua ya kwanza nilikuwa naandika mstari mmoja wa kukuambia, naukata, nachukua karatasi nyingine. Hiyo ndiyo sababu mwandiko umeharibika.

Nthenya


Nuu, 5 Oktoba 2025

Nthenya mwanangu,

Nimekawia kwa sababu niliandika barua hii mara nyingi nikaiwashia moto.

Kwanza Mutie. Nimeusoma ule ukurasa hadi umelainika. Ungeniambia Februari ningekuja huko nikakaa nawe kimya, maana kukaa kimya naweza. Mwarobaini wake nilitaka kuung'oa. Nilienda na jembe kabisa. Lakini kuku wamezoea kivuli, nao hawajamkosea mtu. Nimeuacha.

Sasa mtungi. Ulipasuka. Niliusugua vizuri, ukawa bado umelowa, na asubuhi ile ilikuwa na baridi. Nikatoa sufuria mekoni nikamimina. Mimi sisikii, unajua, lakini nilihisi mlio mikononi. Ufa ulishuka kutoka shingoni mpaka kitakoni na maji ya moto yakanifuata miguuni. Sikuungua sana. Nimeweka kipande kikubwa chini ya mwarobaini, kuku wanakinywea.

Sikukuambia kwa sababu ungejua ni yale maji ya moto, na wewe jambo likikuingia unalikalia mpaka likuumize. Usilikalie hili. Wewe uliandika ukiwa na hofu, mimi nilimimina nikiwa na hofu yako mikononi. Hakuna kati yetu aliyefikiria udongo.

Ulitaka kujua mtungi ulioshwa lini mara ya mwisho. Aliuosha mama yako.

Siku ile ya mwisho yake, Mutindi alitoka mtoni mapema, akaujaza, akaufunika. Akaniambia kichwa kinamuuma, anajilaza kidogo, nimwamshe chai ikiiva. Chai iliiva. Mengine unayajua.

Ulipokuja kumzika ulishuka kwenye gari ukiwa umezungukwa na watu, vijana wa turubai wakakupa maji ya chupa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe. Wewe umekulia hapa, unajua kwetu mtu akifika nyumbani hatuulizi habari kabla hajanywa. Anapewa maji, anakunywa, anarudisha kikombe, ndipo tunasema, haya, za huko. Basi nilingoja uingie. Watu walikuwa wengi. Gari lilikuwa na haraka ya kurudi kabla ya giza, nawe uliondoka nalo. Sikukulaumu siku ile na sikulaumu leo. Ila nilirudi jikoni nikasema, hajanywa. Hatukuambiana habari.

Nikafunika mtungi. Tangu hapo sikuuacha ukauke. Kila yalipopungua niliongeza juu ya yaliyobaki, ili siku utakapokuja nichote, nikuambie, shika, haya alichota mama yako. Nilitaka uyanywe kwanza, ndipo unieleze ulivyo.

Najua utapiga hesabu uone kwamba yake yaliisha zamani. Hata mimi nilizipiga. Na ile chupa ilipokuwa nyeusi nilijua ni nini kinachonilaza chini karibu na kuni. Lakini kila niliposhika shingo ya mtungi kuumwaga, mkono ulikataa. Ulipoandika kwamba huna mtu mwingine, ndipo ukakubali.

Kabla ya kumwaga nilichota kikombe kimoja nikakiweka mezani upande wako. Kilikaa mpaka jioni. Kisha nikayamwaga pale mlangoni wageni wanapofutia miguu.

Siku hizi maji ni ya jerikeni. Ni salama, ni ya moto kama yametoka kwenye lori la Mursal. Nayanywa. Ile pembe ya jikoni ina shimo mchangani, na nikipita gizani bado nalizunguka.

Kalondu


Nuu, 18 Oktoba 2025, saa za mchana

Anti,

Nimefika. Sikukuandikia kwa sababu barua ingefika baada yangu. Tuna likizo mpaka Sikukuu ya Mashujaa, na nimeomba siku nyingine juu yake.

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu na punda hayuko. Musyimi amenipigia kelele kutoka ng'ambo ya ua kwamba uko mtoni. Anasema njia za kurudi ni mbili na wewe huchagua kwa kufuata kivuli. Naacha karatasi hii tukipishana.

Utakapoingia utaona mtungi. Nilishuka njiani mjini Tulia, kwa kuwa leo ni siku yao ya soko, nikakuta mama mmoja anauza mitungi chini ya ukuta wa duka la mbolea. Niliigonga yote kwa kidole, nikisikiliza, mpaka akaniuliza kama natafuta mtungi au natafuta kengele. Nimeupakata kutoka pale mpaka hapa. Umetosha kwenye shimo la ule wa zamani, umezidi pembeni kidogo tu, nikasukuma mchanga. Ameniambia tuujaze na tuyamwage maji ya kwanza, na ya pili, mpaka ladha ya udongo itulie. Kisha tutauosha kila wiki, kwa maji ya kawaida, nami nitauosha mwenyewe kila nikija.

Nilipiga zile hesabu, Anti. Nilizipiga usiku wa barua yako, nikapata jibu lile lile ulilopata. Halafu nikakaa kwenye sakafu ya chumba changu, kwaya ikifanya mazoezi nyuma ya ukuta, nikiwa na kiu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Kikombe chako cha kijiti nimekiona kinaning'inia. Jerikeni ipo, imejaa, imefunikwa vizuri. Sijanywa tangu Tulia, na jua ni kali, na sitakunywa. Nakuja huko mtoni nikusaidie kufukua. Nipe kwa mkono wako, hata yakiwa na mchanga.

Usiniulize habari kabla.

Nthenya